Pafu Lililozama

"Hivi, mbuzi wenu siku hizi wanavuta sigara?"

Mzee Ndalahwa, jirani yao, aliuliza hivyo asubuhi moja akiwa upande wa pili wa ua wa minyaa. Gladness aliweka ufagio chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wanakohoa usiku kucha. Waambie basi wanunue na kiberiti chao, wasije wakaniomba changu."

Gladness alicheka kidogo kwa adabu, akaendelea kufagia. Hakupenda swali lile. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijua jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua.

Siku zake zote zilifanana. Akitoka shuleni alishuka bombani, akapandisha maji kati ya mawe makubwa ya Mkuyuni, akaosha vyombo, akainjika ugali. Jioni mama yake alirudi kutoka mlimani alikogonga kokoto, nywele zimejaa vumbi jeupe. Alikaa kwenye kigoda bila hata kuvua kandambili, akisema tu, "Asante Mungu, jua limekuchwa." Baba alifariki Gladness akiwa chekechea.

Walikuwa na mbuzi wawili, Subira na Tabu, waliopewa na jumuiya yao ya kanisani. Utaratibu ulikuwa kwamba mtoto jike wa kwanza atakayezaliwa apelekwe kwa mjane mwingine. Anayeshindwa kutunza mbuzi ananyang'anywa. Subira sasa alikuwa na mimba, na mama alimtegemea kuliko alivyosema. "Maziwa yake yakija," alimwambia binti yake, "nitapumzika mlimani angalau siku moja moja."

Kila jioni Gladness aliwasha moshi bandani ili nzi na mbu wasiwasumbue mbuzi. Ni desturi ya Wasukuma wafugaji. Kule Magu alikolelewa mama, zizi lilikuwa la miti, wazi kabisa, na moshi wa samadi kavu ulichukuliwa na upepo. Hapa mjini banda lilikuwa dogo. Mvua zilipoanza, mama aliliziba kwa turubai pande zote ili mbuzi wasipate baridi.

Samadi nayo haikukauka tena. Gladness alilazimika kwenda mbali kuitafuta, chini ya paa la banda la ng'ombe la mfugaji mmoja aitwaye Shimba, na miguu ilikuwa imechoka. Ndipo alipoona vipande vya tairi mlimani. Wagonga kokoto huchoma matairi juu ya jabali ili lipate moto na kupasuka. Gladness alichukua vipande vichache ndani ya mfuko. Kimoja tu kilifuka mpaka asubuhi! Mama alipouliza kama samadi ipo, alijibu, "Ipo, mama." Mama alikuwa anasinzia, hakuuliza zaidi.

Baada ya majuma machache Tabu aliacha kula. Alisimama kichwa chini, mbavu zikipanda na kushuka, pua zimepanuka. Jumamosi wakamkuta amekufa.

Ma Bernadetta, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja kabla ya saa nne. Alikuwa mama wa Kihaya mwenye maneno machache, na mkononi alishika kamba. Alifuatana na Machibya, bwana mifugo wa kata.

"Kama ni homa ya mapafu inayoambukiza," Ma Bernadetta alisema, "Subira naye achinjwe leo. Jumuiya ina mbuzi wengine kumi na tisa. Siwezi kuwapoteza wote."

Mama aliegemea mlango, akashika rozari iliyokuwa mfukoni mwa gauni.

Machibya alivaa glavu, akampasua Tabu nyuma ya nyumba. Alitazama kifuani kwa muda mrefu.

"Ile homa huacha maji ya manjano humu, na pafu hugandana na mbavu. Hapa sivioni." Akachana koo la hewa. Ndani yake kulikuwa na makamasi meusi kama masizi ya sufuria. "Pafu lenye afya huwa jekundu hafifu, laini kama sponji. Hili ni la kijivu, lina madoadoa." Alikata kipande, akakitupa kwenye ndoo ya maji. Kilizama. "Pafu lenye hewa huelea. Mnawasha nini bandani, mama?"

"Samadi. Kama kwetu Magu."

"Samadi tupu?"

"Tupu."

Machibya alitikisa kichwa. "Basi sijui. Labda ni ugonjwa nisioujua. Kwa usalama..."

Ma Bernadetta alianza kuikunjua kamba.

"Ni tairi," Gladness alisema.

Wote wakamgeukia.

"Naichukua mlimani. Samadi ilikuwa mbali, nilichoka. Nilimdanganya mama."

Mama alimtazama. Hakumpiga, hakufoka. Alikaa chini pale pale kwenye tope. "Na turubai niliweka mimi," alisema taratibu.

Machibya alichuchumaa karibu na Gladness. "Sikiliza, binti. Vumbi kubwa linanaswa na pua na makamasi, mnyama akipiga chafya linatoka. Moshi wa tairi una chembe ndogo mno, huzioni kwa macho. Zinapita mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani kabisa ya pafu, zinakaa huko. Pafu linavimba, linajaa makamasi, na kidudu chochote kikija kinakuta mlango wazi. Hata moshi wa samadi haufai kwenye banda lililozibwa."

"Subira atapona?"

"Akipata hewa safi, kikohozi kitapungua. Masizi yote hayatatoka."

"Nitarudi mwisho wa mwezi," Ma Bernadetta alisema. "Akiwa bado hivi, namchukua."

Walimzika Tabu. Siku hiyohiyo mama na Gladness waling'oa turubai, wakaacha paa na ukuta mmoja wa upande wa mvua. Badala ya moshi walitundika chandarua kikuukuu. Kila alfajiri Gladness alizoa kinyesi chote ili nzi wasipate pa kuzalia. Kazi ilikuwa nyingi kuliko ile aliyoikwepa. Kuna siku alisinzia darasani. Lakini Subira alianza kula, na kukohoa kukapungua, kukabaki kidogo asubuhi.

Mwisho wa mwezi Ma Bernadetta alifika na kamba yake. Alimfunga Subira shingoni, akampandisha mwenyewe kwenye mteremko wa mawe mpaka juu, akamshusha. Mbuzi alihema, lakini hakukohoa. Ma Bernadetta aliinama, akaweka sikio ubavuni mwake, akasikiliza.

"Gladness. Ungenyamaza siku ile, nini kingetokea?"

"Subira angechinjwa, Ma."

"Na mbuzi ambaye angeletwa baada yake?"

Gladness alifikiri. "Angevuta moshi uleule."

"Kuchoka si dhambi, mwanangu. Sote tumechoka. Mtu akichoka aseme, asaidiwe. Ukificha, anayelipa ni asiyeweza kusema." Alimtazama mama. "Jumamosi tutakuja kuzoa samadi kwa ajili ya bustani, na tutaleta mikono ya kufagia. Hukutuambia na wewe kwamba umechoka."

Mama aliinamisha kichwa. "Sikuwaambia."

Ma Bernadetta aliifungua kamba shingoni mwa Subira, akamwekea Gladness kiganjani, akakifumba kiganja kile kwa mikono yake. Kisha akafungua lango, akatoka mikono mitupu.