Jaji Aliyetema Bia ya Mchumba Wake

Mwonjaji alitema kwenye ndoo, akafuta midomo, akasema mbele ya ukumbi mzima:

"Haya ni maji ya kuoshea sufuria yaliyotiwa uchungu. Sijui aliyepika bia hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Watu wakacheka. Nyuma ya meza ya majaji, katikati ya wapika bia wenzake, Mpishi hakucheka. Glasi zile hazikuwa na majina, lakini rangi ya bia yake aliijua kama anavyoujua uso wake. Ilikuwa IPA yake, ile bia chungu anayoipika kwenye matangi ya nyuma ya baa ya shangazi yake. Na huyo aliyeitema ndiye mchumba wake.

Aliiingiza kwenye shindano kimya kimya, ili amshangaze. Nani angemlaumu? Kila Jumamosi mwanaume huyu alikuwa anakaa kaunta, anakunywa, anafumba macho, anasema, "Mke wangu, mkono kama wako haupo." Akasema hivyo mpaka mtoto wa watu akaamini.

Mpishi akatoka ukumbini bila kuaga. Kabla hajafika nyumbani simu ikaita, akaiacha iite. Ikaingia meseji:

"Mke wangu, nimeambiwa ilikuwa yako. Pokea simu, tafadhali."

Akajibu: "Mke wako yupi? Yule wa maji ya sufuria?"

Kesho yake mchana Mwonjaji akaja mwenyewe. Akamwamkia Shangazi shikamoo, Shangazi akaitikia, "Marahaba, jaji," kisha akamwonyesha mlango wa nyuma kwa kidevu. Mpishi alikuwa kati ya matangi, mabuti miguuni, anaosha sakafu kwa mpira wa maji. Hakuyafunga maji.

"Sikujua ni yako," Mwonjaji akasema, akiruka maji.

"Ungejua ungesemaje?"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Nakuuliza wewe. Ungejua?"

"Ningesema nzuri."

"Basi ya ukumbini nimekusamehe, maana hukujua. Zile Jumamosi ndizo siwezi."

Hapo ndipo akafunga maji, akamweleza yaliyokuwa yanamchoma. Wateja walikuwa wanaacha glasi nusu, anaziona kila siku anapokusanya vyombo. Yeye akawa anawasonya kimoyomoyo, hawa washamba wanajua nini, wakati jaji mzima anaisifu. Angeambiwa ukweli angeirekebisha zamani.

"Kumbe mshamba ni mimi," akasema. "Mchumba wangu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi najipakaza vizuri mpaka masikioni."

Mwonjaji akatazama viatu vyake vilivyolowa.

"Siku ya kwanza nilitaka unipende. Ya pili nikaona aibu kugeuza maneno. Baada ya hapo sikuwa hata naionja. Nilikuwa nameza tu."

"Mimi siolewi na mtu wa kumeza."

Akafungua bomba la tangi, akajaza glasi, akaisukuma ndoo kwa buti mpaka miguuni pa Mwonjaji.

"Onja kama jana."

Akaonja. Akaizungusha mdomoni, akatema, akasema hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zote zimetiwa mapema, zimechemka mpaka harufu imeondoka, umebaki uchungu mtupu. Tena bia imetolewa tangini kabla haijatulia. Hilo la pili Mpishi alilijua, la kwanza akalikataa. Wakabishana juu ya hopsi, hakuna anayeshusha sauti, mpaka Shangazi akaja kuchungulia akidhani wanapigana.

"Na nywele hizi nilizosuka?" Mpishi akamgeukia ghafla. "Juzi ulisema nimependeza."

Mwonjaji akamtazama Shangazi kuomba msaada. Hakuupata.

"Zinakuzeesha," akasema.

Shangazi akashika mlango kwa kicheko. Mpishi hakucheka, hasira ilikuwa bado ipo. Akamwambia Mwonjaji aende, na asirudi mpaka aitwe.

Tangi lile akalimwaga lote. Akapika upya, hopsi nyingine akaziweka mwishoni, na safari hii akaiacha bia itulie, hata Shangazi aliponung'unika kwamba wateja wanauliza. Ilipoiva akamwita Mwonjaji. Akamjazia glasi, akasimama karibu kabisa, anamkodolea macho kama askari.

Mwonjaji akaonja.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Harufu imekuja nzuri. Ila mwisho wake unakatika. Ukishameza hakuna kinachobaki."

Mpishi akamnyang'anya glasi, akaonja mwenyewe. Ilikuwa kweli, na ilimuuma. Akamtazama usoni, akatafuta ule utamu wa Jumamosi, hakuuona.

"Shangazi," akaita bila kugeuka, "waambie watu wa kwao waje tupange siku. Huyu wa leo nitaolewa naye."

"Na bia?" Shangazi akauliza kutoka kaunta.

"Bia bado."