Tableti ya Chumbani kwa Mama

Jioni ile nilikwenda kwa fundi kwa sababu tableti ilikuwa nzito. Basi. Watu wakisikia habari hii huniuliza kama niliota ndoto mbaya, kama bundi alilia juu ya paa. Hapana. Kulikuwa na tableti inayoganda, na duka la fundi linalofungwa giza likiingia.

Mama yangu alipigwa na kiharusi akiwa ameketi mbele ya cherehani. Kilichukua maneno yake yote na upande wote wa kulia. Kikamwachia mkono wa kushoto, ambao ndio aliokuwa akishonea tangu utoto. Kwenye kidole cha kati alikuwa na kastabani, ile kofia ndogo ya chuma inayozuia sindano isimchome mshonaji, na hakukubali tuivue. Ndiyo ikawa mdomo wake. Anagonga ubao wa kitanda. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana.

Kaka yangu anaishi mbali. Yeye ndiye aliyenunua tableti. Tuliiegemeza juu ya kabati lililo miguuni pa kitanda, waya wa chaji umechomekwa kutwa, kamera ikimtazama mama. Mimi nafanya kazi maabara, napima maji. Nikipata upenyo nafungua simu, namwona, naongea naye.

"Mama, umekula?"

Ko.

"Unaumwa?"

Ko-ko.

Na kila ninapotaka kukata, namuaga kwa neno moja: "Nakuja."

Nilisema hivyo hata nikiwa na mchana mzima mbele yangu. Nani hasemi? Mtu yuko kitandani amejifunika shuka, anakwambia yuko njiani anakata kona.

Kisha tableti ikaanza kuchelewa. Nauliza swali, kimya. Nauliza la pili, ndipo jibu la kwanza linafika. Majibu yakawa yanaangukia maswali yasiyo yake. Siku moja nilimgombeza mama mdogo, mdogo wake mama anayeshinda naye, kwamba hajampa mgonjwa dawa, kumbe alishampa.

"Na wewe sauti yako inakuja huku umeshakata," akanijibu. "Juzi nafagia, chumba kimetulia, mara nasikia kabatini, 'Nakuja, mama.' Karibu nimwage taka zote. Utaniua kwa presha, mwanangu, na sina hata kiwanja cha kukurithisha."

Tulicheka.

Jioni hiyo niliwahi kutoka kazini. Nikaingia chumbani na mkoba wangu begani, nikachomoa waya.

Ko-ko, akagonga mama.

"Naipeleka kwa fundi tu, mama. Imekuwa nzito. Nakuja."

Ko-ko. Ko-ko.

Nilidhani hataki kukosa kumwona kaka usiku ule. Nilikuwa na haraka. Sikumuuliza.

Fundi wetu tunamwita Daktari wa Vioo. Duka lake ni dirisha, meza na taa moja, na linanuka risasi ya kuchomelea na plastiki iliyoungua. Aliipokea tableti kwa mikono miwili.

"Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Mzito. Anaganda."

"Mtu mzima huyu, mvumilie. Amekula nini?"

"Hana kitu tumboni. Programu ya kumwona mama tu."

Akaangalia. Kweli, hifadhi ilikuwa karibu tupu. Hakukuwa na programu iliyojificha ikifanya kazi nyuma. Mtandao ulikuwa mzuri. Akaizima, akaiwasha, ikawaka polepole kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Akafungua mfuniko wa nyuma, akaigusa betri. Akaacha kutania.

"Imetoka kwenye chaji sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Mbona baridi?"

Nikaigusa. Ilikuwa baridi kama chupa zangu za maji zinapotoka kwenye friji ya maabara. Na hapo hapo, juu ya harufu ya risasi, nikasikia harufu nyingine. Mafuta ya kuchua. Yale ninayompaka mama mgongoni.

Fundi akaifunga, akawasha kamera, akapunga mkono mbele yake ili apime inachelewa kiasi gani.

Mkono wake haukuonekana.

Kilichoonekana ni chumba cha mama. Kitanda, kiti, pazia.

"Hiyo ni picha ya muda uliopita," alisema upesi mno. "Mashine nzito ndivyo zilivyo. Inamalizia ilichokuwa imekwama nacho."

Nikajiona naingia. Gauni langu la kijani, mkoba begani. Nikaja hadi kwenye kabati, nikanyoosha mkono. Kiganja changu kikafunika kioo chote.

Giza.

"Umeona? Hapo ndipo ulipoichomoa," fundi alisema, akavuta pumzi. "Sasa picha inakatika."

Haikukatika.

Kiganja kiliondoka. Chumba kikarudi, kinatazamwa kutoka pale pale juu ya kabati, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Tableti ilikuwa mezani mbele yetu. Mama alikuwa peke yake, macho yake kwenye mlango.

Mlango ukafunguka.

Nikaingia.

Gauni la kijani. Hakuna mkoba. Nilitembea bila haraka, nikakaa kitandani kando yake. Mimi sikai kitandani kwa mama. Godoro likibonyea nyonga yake inauma, ndiyo maana tuliweka kiti. Yule aliyekaa pale aliinamisha kichwa hadi sikioni mwa mama, na kutoka kwenye kispika kidogo cha tableti nikaisikia sauti yangu.

"Nimekuja."

Ko-ko. Ko-ko. Ko-ko. Ko-ko...

Fundi aliondoa mikono yake mezani taratibu.

"Dada," alinong'ona. "Una pacha?"

Niliiacha tableti. Niliacha na mkoba. Nilikimbia.

Mama mdogo nilimkuta uani anaanua nguo. Aliponiona alisimama na shuka mkononi.

"Umepitia wapi wewe? Si umeniambia nije nianue, wewe utakaa na mama?"

"Nimekwambia lini?"

"Sasa hivi. Acha mchezo, giza linaingia."

Chumbani hakukuwa na mtu ila mama. Harufu ya mafuta ya kuchua ilikuwa kali, na siku hiyo hakuna aliyempaka. Kando yake shuka lilikuwa limebonyea. Nikaweka kiganja pale.

Baridi.

"Mama. Ni mimi."

Ko-ko.

"Ni mimi, mama. Mwanao."

Alinitazama muda mrefu. Mama yangu ananijua kwa kikohozi, kwa mlio wa ndala zangu koridoni. Alinitazama kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili vya rangi moja, akitafuta kipi kilichofifia.

Ko-ko.

Tangu jioni ile hajala chakula mkononi mwangu. Nikisogeza kijiko anakaza midomo. Mama mdogo naye akijaribu, anageukia ukutani, kama mtu aliyeshiba. Daktari wa hospitali alisema wagonjwa wa kiharusi hubadilika. Akaja mzee wa dua, kisha akaja mganga mwenye mkoba wa ngozi. Kila mmoja aliuliza swali lile lile: nani huingia chumba hiki?

Na mama mdogo, ambaye hajawahi kusema uongo, aliwajibu wote sawasawa. "Hakuna mwingine. Binti yake tu."

Yule mwenye mkoba wa ngozi alinitazama, kisha akatazama mlango. Hakukaa tena. Nje, akivaa viatu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mimi hufukuza mgeni. Huyu si mgeni. Ameitwa, akaahidiwa, akasubiriwa."

"Aliitwa na nani?"

Alifunga kamba za viatu kwa uangalifu mkubwa, akaondoka.

Nimelitafuta jibu hilo hadi kichwa kimechoka. Nakuja, nakuja, nakuja. Maneno yote yale niliyomtumia mama kutoka kazini, yaliyofika chumbani nikiwa nimeshakata, yakiwa hayana mwenyewe. Labda yalipata mwenyewe. Sijui. Ndiyo maelezo pekee niliyonayo, na hayanisaidii kitu.

Fundi aliirudisha tableti mwenyewe. Hakuvuka geti.

"Nimeifuta yote," alisema. "Iko kama ilivyotoka kiwandani. Inakwenda kama upepo."

"Ulimwona tena?"

"Dada, mimi ni fundi wa vioo." Akanipa na mkoba wangu. "Usiilete tena kwangu."

Nilitaka kuitupa. Kaka alikataa. Alisema nimechoka, alisema nilale, alisema asipomwona mama atapata wazimu. Mama mdogo akairudisha juu ya kabati.

Kweli, imepona. Haigandi.

Leo nikiwa maabara, glavu mkononi, ujumbe wa kaka umeingia. "Nakuona umekaa na mama tangu asubuhi. Mungu akulipe, mdogo wangu. Na leo anakula vizuri."

Nimevua glavu. Nimefungua simu.

Picha ni safi kabisa. Pazia linapepea. Niko kitandani, nimevaa gauni la kijani ambalo nililichoma moto mwenyewe nyuma ya nyumba, namlisha mama. Anafungua mdomo kama mtoto wa ndege. Anameza. Anafungua tena.

Nimeshakimbia kwenda nyumbani mara nyingi, msifikiri sijakimbia. Nikifika nakuta shuka limebonyea na kijiko kikavu. Mama mdogo ananiuliza nimepata wapi nguvu za kukimbia baada ya kukesha na mgonjwa. Na mama anaisha kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye maji. Juzi nilipomgeuza nilimwinua kwa mkono mmoja.

Nimeuona mkono wake wa kushoto kwenye picha, juu ya shuka. Umetulia. Vidole viko wazi.

Havina kastabani.

Nimesogeza simu mdomoni. Sikuwa na neno jingine la kumwambia. Nimetafuta.

"Mama," nimesema. "Nakuja."

Sauti imefika papo hapo. Mama hakugeuka. Yule mwingine ndiye aliyeweka kijiko chini, akainua uso wangu, akaitazama kamera. Kwenye kidole chake cha kati kuna kitu kinang'aa. Amenyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye ubao wa kitanda.

Ko-ko.