Saumu ya Pelagia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pelagia alimpelekea maziwa Daktari Ruti, mgeni aliyetibu wagonjwa katika zahanati ya Kitahana. Siku hiyo ya Septemba, mwaka 1974, daktari hakuyapokea.

"Leo sili wala sinywi mpaka jua litue," alisema. "Sisi Wayahudi tunafunga na kutubu dhambi za mwaka mzima, ili Mungu atusamehe."

Pelagia aliganda mlangoni. Kumbe dhambi huondoka kwa njaa! Wiki iliyopita alikwenda kwa jirani, Mama Bazilio, kurudisha ungo ghalani kwake, akasahau kufunga mlango. Mbuzi wakaingia, wakala mbegu zote za maharage, na mvua zilikuwa karibu. Lawama zikamwangukia rafiki yake Immakulata, yatima kutoka Burundi aliyelelewa na Mama Bazilio. Akakatazwa shule, akapewa jembe. Pelagia akisema, atachapwa. Akinyamaza, rafiki yake ataumia. Alikuwa amenasa, na mtego aliutega mwenyewe.

"Nami nafunga," aliamua.

Darasani aliketi peke yake kwenye dawati la wawili. Mchana tumbo lilinguruma mpaka wenzake wakacheka. Jua lilipotua alirudi kwa daktari, midomo imemkauka, akamweleza yote.

"Sasa nimesamehewa?"

"Ulilomkosea Mungu, Mungu husamehe. Ulilomkosea jirani, hata ukifunga mwezi mzima, lazima umwendee mwenyewe."

Pelagia alilia kwa hasira. Njaa yote ile, bure! Hata hivyo alikwenda. Mama Bazilio alikuwa akisonga ugali.

"Mama, ni mimi niliyeacha ghala wazi."

Mwiko ulisimama. Mama Bazilio akamwonyesha Immakulata aliyekaa pembeni. "Mwombe huyo kwanza. Mimi nitamwomba baada yako."

Pelagia alipiga magoti. Immakulata alimfungulia viganja vyake vilivyojaa malengelenge.

"Kesho nakwenda shule," alisema. "Jumamosi utalima wewe."

Jumamosi Pelagia alifika na jembe na kibuyu cha mbegu alichopewa na mama yake. Alilima mpaka mgongo ukamuuma, huku Immakulata akisoma kivulini na kumcheka. Mama Bazilio aliwaletea viazi, wakala pamoja.

"Sikia, mwanangu," alimwambia Pelagia. "Tumbo halimwombei mtu msamaha. Kinywa ndicho kinachoomba, na mkono ndio unaolipa."