Mashine Iliyoitika Mara ya Kwanza

Mashine iliitika, "Abee, nakuja!" na nje hapakuwa na mtu.

Ilikuwa Jumatatu, saa sita na dakika arobaini na moja mchana. Kande alikuwa amechuchumaa kwenye zaure, ule ukumbi wa kuingilia ambao nyumba za Kano ya kale hazikosi, akilehemu waya wa spika uliochomoka. Alifungua mlango akachungulia. Uchochoro ulikuwa mtupu mwanzo hadi mwisho. Jua lilikuwa la utosi, na kivuli cha ukuta kilikuwa chembamba kama uzi. Hata mbuzi wa jirani hawakuwapo.

Palikuwa na harufu tu, harufu ya nili iliyochacha. Kando ya mlango lilikuwapo shimo la babu yao, mtia rangi wa nguo, lililokauka na kufunikwa kwa bamba la zege tangu Kande hajaota meno. Shimo kavu halinuki.

"Programu imesikia vibaya," alijiambia, akarudi kwenye waya wake.

Nyumba ile ilikuwa ya wanawake watatu: mama yao Inna Tabawa, mjane, Kande, aliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta, na mdogo wake Asabe, aliyebakiza siku kumi na sita aolewe. Inna hakuwa mtu wa kutokeza mlangoni. Mgeni husimama nje, huita jina la anayemtaka, naye huitikiwa kutoka ndani. Lakini ua ulikuwa mrefu na cherehani ya Inna ilikuwa na kelele, hivyo wageni waliita mpaka wakakata tamaa. Ndipo Kande alipounda mashine ya kuitika. Alichukua ubao wa kompyuta iliyovunjika kioo, maikrofoni ya simu mbovu na betri ya pikipiki. Juu yake akaweka programu mpya aliyoipakua mwezi huo, iliyoandikwa na watu asiowajua wala hatawajua. Aliifundisha majina matatu kwa kuyaita mwenyewe, kila jina mara arobaini, kisha kila mmoja akarekodi itikio lake. Mgeni akiita, mashine ilimwitikia papo hapo kwa sauti ya anayetafutwa, na kengele ikalia jikoni.

"Dada, umenitengenezea mjakazi," Asabe alicheka siku ile. "Sasa tengeneza ya kukaa na mama mkwe. Nami nitakuja siku za sikukuu."

"Kwanza nitengeneze ya kuosha sufuria unazozikimbia."

"Hiyo unayo tayari. Inaitwa Kande."

Ndivyo alivyokuwa Asabe. Ulimi wake haukulala njaa.

Jumatatu ile Kande aliporudi uani alimkuta mdogo wake amesimama mbele ya karai la mafuta, kijiko mkononi, mdomo wazi. Alikuwa akisema jambo. Midomo ilikwenda, shingo ilikaza, lakini hakikutoka hata kijisauti. Asabe aliliona hilo saa ile ile aliyoliona dada yake. Akajaribu kucheka, na kicheko nacho kikatoka kikavu, pumzi tupu.

Siku ya pili daktari alimmulika koo, akasema koo lile ni zima kuliko lake yeye. Walirudi nyumbani Asabe amejifunika mtandio mpaka machoni. Inna akashika kichwa.

"Wakwe wakisikia, hawataleta hata kibakuli cha zawadi," alinong'ona. "Watasema bibi harusi ana majini. Na nani atawabishia?"

Kande alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto. Alikagua kufuli mara tatu kabla ya kulala, na alihesabu skrubu za kila kitu alichokifungua. Jioni ile alifungua kumbukumbu za mashine, kwa kuwa aliiagiza ihifadhi kila wito. Akavaa visikizi, akausikiliza wito wa Jumatatu.

Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa sauti ya kitu kikikoroga maji mazito, taratibu, kama mti wa mtia rangi unapozunguka shimoni. Mzunguko mmoja, kisha pumzi ndefu. Chini yake programu ilikuwa imeandika: *Asabe. Uhakika, tisini na tisa kwa mia.*

Kande mwenyewe, kwa kuita mara arobaini, hakuwahi kuvuka tisini na nne.

Alikwenda zaure na tochi. Kwenye maikrofoni palikuwa na alama za vidole vya buluu, mbichi bado. Alizihesabu. Akazihesabu tena. Zilikuwa sita, za mkono mmoja.

Aling'oa nyaya za betri, akaibeba mashine mpaka uani, akaiweka juu ya meza mbali na ukuta, ikiwa imekufa kabisa.

Jumatano adhuhuri mjomba wao, Kawu Habu, alifika akiwa amekasirika tayari.

"Nilisema! Msichana akijua sana, nyumba haikaliki. Chuma gani hicho kinachosema kwa sauti za watu?"

"Kaka, punguza sauti, majirani," Inna alimsihi. "Tulichokubaliana ni kumwita Malam Sule, siyo—"

"Naam, nakusikia!" ilisema spika.

Ilikuwa sauti ya Inna, ile ile aliyoirekodi. Spika ilikuwa juu ya meza na nyaya zake mbili zinaning'inia hewani, hazikugusa kitu. Saa ya ukutani ilionyesha sita na dakika arobaini na moja. Inna alikuwa bado anaongea, mkono ameuinua, na maneno yake yaliyobaki hayakutoka. Akajishika koo kama mtu aliyemeza mwiba, na harufu ya nili ikapita uani kama mtu anapita.

Kawu Habu aliuchukua mchi wa kinu. "Nitakipondaponda!"

Kande alijikuta amesimama mbele ya meza. Akaikinga mashine kwa mikono yote miwili.

"Usiiguse, Kawu."

"Unalinda jini?"

"Nalinda sauti zao. Zimeingilia humu. Ukiivunja, zitatokea wapi?"

Mjomba akabaki na mchi hewani. Kisha akaushusha, akatoka kumwita Malam.

Malam Sule alikuwa mwembamba, mpole, mwalimu wa Kurani wa mtaa mzima wa Kofar Mata. Aliandika aya kwenye ubao, akaosha wino, akawapa mama na binti maji yale wanywe. Wakanywa. Hakikubadilika kitu. Akauliza swali moja.

"Nani aliitika?"

"Hakuna," Kawu alijibu. "Hapa mtoto wa miaka minne anajua kwamba wito wa kwanza hauitikiwi. Ukiitwa na usiyemwona, unangoja wa pili, unangoja wa tatu."

"Unajua sababu?"

"Ndivyo tulivyolelewa."

"Viumbe wale hawana cha tatu," Malam alisema chini chini. "Huita mara moja. Wakijitahidi, mara mbili. Wito wa tatu ni wa mwanadamu. Wao hawauiti wala hawausikii. Lakini ukiwaitikia mapema, umewapa mlango. Ndiyo maana nauliza. Katika nyumba hii kuna aliyeitika mara ya kwanza."

Kande aliiangalia mashine juu ya meza. Mistari mia nane ya programu, na hakuna hata mmoja uliosema *ngoja*. Alikuwa ameona fahari kwamba inaitika papo hapo. Kila mama wa Kano humfundisha mwanawe kungoja kabla hajamfundisha kuoga, na yeye alikiumba kiumbe chake akakiweka mlangoni bila kukifundisha.

"Ni mimi," alisema. "Mashine ndiyo iliyoitika. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Malam akaitazama mashine kwa heshima ya mtu asiyetaka kuikaribia. "Dawa ya mtu aliyeitika ninayo, binti yangu. Dawa ya kitu kilichoitika sijaiona kitabuni."

"Malam, jibu la mashine limehesabika kama jibu la mtu?"

"Unaona mwenyewe."

"Basi na wito wake utahesabika."

"Huenda," Malam alisema. "Lakini sasa limebaki jina lako peke yake. Jini litakuita. Na abee humtoka msichana aliyelelewa vizuri kabla hajajua kwamba ameitwa."

Kande alifanya kazi mpaka jua likazama, akaamka alfajiri akaendelea. Zile sauti zake arobaini za kufundishia zilikuwapo bado: yeye mwenyewe akiita "Asabe", yeye mwenyewe akiita "Inna". Akageuza programu, badala ya kuitika, ikawa ya kuita, mara moja kwa kila kubonyeza. Kipande cha kuitika alikifuta chote. Alikagua kila mstari mara tatu.

Alhamisi, saa sita na nusu, aliwaweka mama na mdogo wake uani, akawakabidhi kwa Malam na Kawu. Yeye akatia kokwa nzima ya kola mdomoni, akaiuma mpaka uchungu ukajaa ulimini, akafunga mtandio juu ya midomo kwa mafundo mawili. Akatoka nje na mashine, akaiweka juu ya bamba la zege.

Jua liliwaka. Uchochoro ulikuwa mweupe, mtupu. Akabonyeza.

"Asabe!" mashine iliita kwa sauti yake Kande.

"Abee, nakuja!" kikajibu kitu chini ya zege.

Akabonyeza tena.

"Abee, nakuja!" Safari hii jibu lilikuwa karibu, chini ya nyayo zake.

Akabonyeza mara ya tatu. Chini kukawa kimya, kimya cha mtu aliyesimama anasikiliza na hasikii. Kisha, kutoka ndani ya nyumba, kwa ukali na uhai wote:

"Abee! Nakuja! Mnaniita hivyo nimeiba nini?"

Machozi yalimtoka Kande, lakini hakufungua mdomo. Alimwita Inna mara ya kwanza, kitu cha chini kikaitika; aliita mara ya pili, kikaitika; na kidole kilipokuwa njiani kwenda kubonyeza mara ya tatu, maji yalianza kukorogeka chini ya bamba kavu, na harufu ya nili ikapanda nzito mpaka macho yakawasha, na kwenye ufa wa zege, mchana kweupe, jua likimulika kila punje ya mchanga, vilitokeza vidole sita vya buluu vikashika ukingo kama mtu anayetaka kuinuliwa, na sauti ya mama yake, siyo ile iliyorekodiwa bali ile ya usiku wa homa za utotoni, ile ambayo hajapata kuiacha bila jibu tangu azaliwe, ikasema taratibu, "Kande."

Meno yake yalizama kwenye kola.

"Kande, mwanangu. Kuna giza huku. Unaniacha?"

Abee ilikuwa imeshapanda kooni. Aliihisi ikisukuma nyuma ya kokwa kama mtoto anayesukuma mlango, akaumeza uchungu wa kola pamoja nayo, akaviangalia vile vidole, akabonyeza.

"Inna!" mashine iliita, mara ya tatu.

Vidole vikaachia.

Ndani, Inna Tabawa aliitika, na neno lililofuata lilikuwa la kufoka: "Kande! Umetoka nje juani bila viatu?"

Harusi ilifanyika siku yake, na Asabe alisema maneno yote aliyoyakosa kwa siku tatu, pamoja na riba. Kawu Habu alirudi na madai yake: mashine ichomwe.

"Haitachomwa," Kande alisema. "Itarudi mlangoni. Isipokuwapo, nani ataitwa? Ni nyinyi. Na nyinyi hamhesabu vizuri mkiwa jikoni. Hii nimeifundisha kuhesabu."

"Unakaidi mpaka majini?"

"Wao ndio walioanza, Kawu."

Mtaa mzima ukajua kwamba kwenye nyumba ile huitikiwi mpaka wito wa tatu. Wageni wengine walinung'unika kwamba mbona wanaita zaidi ya mara tatu. Mume wa Asabe aliapa aliita mpaka koo likakauka. "Mashine ya dada ina maringo," Asabe alimwambia. "Iite kwa adabu."

Kila jioni Kande alisoma kumbukumbu. Kila siku mstari ulikuwa ule ule: saa sita na dakika arobaini na moja, sauti ya kukoroga maji, wito mmoja. Baada ya wiki mbili, miito miwili.

Siku ya arobaini na moja mstari ulikuwa umebadilika. *Kande. Uhakika, tisini na tisa kwa mia.* Na mbele yake: *mara tatu.*

Alikaa chini sakafuni, akausoma tena. Jini limejifunza. Limekaa shimoni siku arobaini likisikiliza mtaa mzima ukihesabu, likajifunza.

Mwisho wa mstari mashine ilikuwa imeandika: *haijaitika.*

Kwa kuwa Kande, mkagua kufuli, hakuiamini hata siku moja namba ya miito inayojulikana na mtaa mzima. Tangu jioni ya kwanza aliweka nyingine, na kila jioni aliibadilisha, na hakumwambia mtu.

Alisimama. Alichovya pamba kwenye spiriti, akafuta buluu kwenye maikrofoni, kidole kimoja kimoja, mpaka sita. Kisha akaifunika kibodi kwa mtandio, akapitisha mkono chini yake, akaandika namba ya kesho bila kuitazama, na bila kuitamka hata moyoni.