Daftari la Mlango wa Chini

Yaliyomfika mkamwana wa shoga yangu kanisimulia mwenyewe, na ana mdomo mchafu, lakini si mwongo.

Ni fundi wa kompyuta. Ijumaa alasiri alishuka chumba cha mashine kupunguza daftari la mlango, lile linalojiandika kila mtu anapoingia au kutoka. Mlinzi akisoma humo kwamba chumba ni kitupu, huzima taa na kupiga kufuli hadi Jumatatu.

Akaiamuru mashine: kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, futa wote waliokwisha kutoka. Alitarajia abaki yeye peke yake. Ukurasa ukabaki mweupe.

“Punda wewe,” akaiambia. Akairudisha mistari, akatafuta jina lake. Likaonekana mara mbili: ameingia saa tisa, ametoka saa kumi na dakika tano. Akatazama saa yake ya mkononi. Saa kumi na dakika tano.

Taa zikazimika. Kufuli likalia.

“Kaka! Nimo humu!” Akaupiga mlango mpaka viganja vikamwaka moto, kisha akatega sikio.

“Haya dada, tuonane Jumatatu,” mlinzi alikuwa akimuaga mtu.

“Jumatatu, Mungu akipenda,” ikajibu sauti yake mwenyewe, ikipanda ngazi bila haraka.