Glavu za Daktari Lindqvist

Mdogo wangu Darlene alimsaidia Daktari Lindqvist miaka minane. Ndiye aliyekuwa daktari pekee wa meno mjini kwetu, huku Minnesota, mzee mpole aliyependwa na kila mtu. Ila alikuwa na tabia moja: akimaliza mgonjwa, habadili glavu. Aliziosha kwa sabuni zikiwa mkononi, akazikausha, akaita mgonjwa mwingine.

Siku moja Darlene aliona tundu kwenye kidole cha glavu, baada ya daktari kung'oa jino la mtu mwenye homa ya ini. Aliyefuata kitini alikuwa Opal Hruska, dereva wa basi la shule lililowabeba wanangu. Darlene alinipigia simu, anataka kumripoti daktari. Nikamwambia, "Nyamaza, mdogo wangu. Kazi haichezewi." Akanyamaza.

Kabla ya theluji ya kwanza Opal alikuwa wa manjano mpaka kwenye macho, kisha tukamzika. Daktari alileta kanisani bakuli la viazi na nyama, akalia kuliko wafiwa. Nikikumbuka machozi yale, natamani kutema mate.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, jua likiwaka dirishani, daktari alimaliza mgonjwa akaenda kunawa kama kawaida. Kiti kilikuwa kitupu. Mnong'ono ukatoka kitini.

"Lindqvist. Badili."

Darlene, aliyekuwa kando ya kiti, aliitambua: ilikuwa sauti ya Opal. Daktari naye aliisikia, kwa sababu alivua glavu upesi. Chini yake kulikuwa na nyingine. Akavua. Nyingine. Akavuta kwa meno. Nyingine. Zilijaa sakafuni, kila moja ya manjano kuliko iliyotangulia.

"Darlene, nisaidie," alinong'ona.

Darlene alikimbia, hata koti hakuchukua. Daktari alikutwa amekufa, mikono mitupu, safi kama ya mtoto mchanga. Sakafuni hapakuwa na glavu hata moja.

Sasa Darlene anaishi kwangu. Jana, akiosha vyombo, alinionyesha kifundo cha mkono wake. Ukingo mwembamba wa mpira, kama mdomo wa glavu, ulikuwa umekizunguka.

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze," akasema.

Nikamjibu kwamba ni kovu tu.

Leo asubuhi nimenawa ili nikande unga. Maji yameteleza yakaanguka. Nimenawa tena, na tena. Ngozi yangu haijalowa.