Zawadi Iliyonyamazisha Sebule

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na duka la vitu vya watoto lilifurika. Watu walipishana kwa ubavu, mashine ya risiti ikilia bila kupumzika, na katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu, fundi wa lifti. Alikuwa ameshika viatu vyekundu vidogo mno, anavigeuzageuza.

"Samahani kaka," sauti ya kike ikasema pembeni yake. "Huyo mtoto akizaliwa anakwenda wapi na viatu?"

Fundi akageuka. Gauni la njano lililomkaa sawasawa, nywele fupi, miwani ya jua kichwani.

"Kazini," akajibu. "Maisha yamepanda."

Yule dada akacheka mpaka watu wakawatazama. Alikuwa mwalimu wa udereva, amekuja kumnunulia zawadi mwenzake wa kazini aliyejifungua. Akavirudisha viatu rafuni. "Chukua fulana za pamba, tena kubwa kidogo, maana wanakua upesi. Kipimajoto. Na mama mwenyewe umchukulie gauni la kulalia la kufunguka mbele. Kila mtu anamkumbuka mtoto, mama hana wa kumkumbuka."

"Ni dada yangu. Viatu vilinijia akilini kwa sababu vyake havimwingii tena. Kavimba miguu, mikono, mpaka uso. Tunamwita Puto."

Kicheko kikamkatika Mwalimu. "Mpaka uso? Kichwa hakimuumi?"

"Wewe ni mwalimu au daktari?"

"Nauliza tu," akasema, lakini hakutabasamu tena mpaka walipoagana na kupeana namba.

Mapenzi yao yakakua kwenye simu.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula, roho yangu, ila mwanafunzi wa leo nusura anile mimi. Kapanda na gari kibarazani kwa watu."

"Nitajie jina, nimfungie kwenye lifti."

Walicheka hivyo kila siku. Lakini Fundi akigusia watoto, watakaokuja siku moja, wa kwao wawili, Mwalimu alikumbuka ghafla kuwa chungu kiko jikoni.

Kisha ndugu wakamwandalia Puto sherehe ndogo ya kumsubiri mtoto nyumbani kwake, na Mwalimu akaalikwa. Maputo ukutani, wanasesere, kitanda cha mtoto chenye chandarua. Puto aliketi kwenye kochi, anatabasamu kwa shida, pete imezama kwenye kidole. Boksi la Mwalimu lilifunguliwa mwisho. Ndani mlikuwa na kipimo cha presha.

Sebule ikanyamaza.

"Hiki ni cha wagonjwa," mama mkwe wa Puto akasema. "Nani mgonjwa humu?"

"Hakuna, mama. Ni cha kujiangalia tu. Wifi, kliniki ulikwenda lini?"

"Ile ya mwisho niliikosa. Nilichoka mno."

"Kesho nikupeleke mwenyewe."

"Wewe binti!" mama mkwe akainuka. "Unamtabiria mwenzio mabaya siku yake ya furaha?"

Boksi likasukumwa chini ya meza. Mwalimu akachukua mkoba wake akatoka, na jioni ile simu ya Fundi haikuanza na salamu.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe wa dada yangu! Nyumba yenye furaha unaiingizia matanga. Una kijicho au una nini?"

Mwalimu akauweka mkoba chini. "Sawa, Fundi. Nakuomba kitu kimoja tu. Mpeleke akapimwe."

Akakata. Fundi hakupiga tena, na dada yake hakumpeleka. Kila asubuhi aliamka na kitu kizito kifuani, akajiambia ni hasira.

Siku moja mchana Mwalimu alikuwa barabarani na mwanafunzi simu yake ilipoita.

"Wifi, usikate," Puto alisema, sauti nzito kama ya mlevi. "Nimekivaa kile kidude chako. Kinasoma mia moja na tisini. Kibovu, eti? Maana kichwa kinanigonga, na naona vimulimuli."

Mwalimu akamwashiria mwanafunzi aegeshe pembeni. "Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Acha mlango wazi. Lala ubavu wa kushoto. Nakuja." Akamgeukia mwanafunzi. "Shuka, mwanangu." Mwanafunzi akautazama uso ule, akashuka bila kuuliza.

Alimkuta sakafuni, macho ameyafumba nusu. Yeye na jirani wakambeba hadi garini. Njia nzima madereva walilipigia honi gari la kujifunzia lililokuwa linapita taa nyekundu. Getini pa hospitali Puto alikakamaa, meno yakasagana, mwili mzima ukaanza kutikisika.

Fundi alifika mikono ikiwa bado na grisi. Mwalimu alikuwa kwenye benchi la korido, ameshika kandambili moja ya Puto.

"Dada yangu alivimba hivi hivi," Mwalimu akasema bila kumtazama. "Nyumbani walisema ni uzito wa mimba. Alipoanza kuona vimulimuli, hakuiona jioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Kila nikimtazama wifi, ninamwona yeye."

Fundi akakaa, akainamisha kichwa. "Na mimi nikakuita mwenye kijicho. Nisamehe, mpenzi."

Mwalimu hakuuondoa mkono wake uliposhikwa.

Daktari akatoka. Mtoto wa kike, mdogo mno, anapumua kwa mashine. Mama hajaamka. Walingoja hapo hadi mchana wa siku iliyofuata, ndipo Puto akafumbua macho na kuomba maji.

Walisimama mbele ya kioo cha chumba cha watoto njiti, wakamtazama yule kiumbe mwenye mipira puani.

"Nataka kukuoa," Fundi akasema.

"Unaelewa unachoomba? Ukinioa, kuna siku mimi ndiye nitakayelala kwenye kitanda alicholala dada yako. Naogopa mpaka usingizi unanikimbia."

Fundi alitaka kusema halitatokea. Maneno yakafika mdomoni, akayameza.

"Na mimi naogopa," akasema. "Tuogope pamoja. Na ukiniambia kitu kinakutisha, nitasikia mara ya kwanza."

Ndani, mashine ikaanza kulia. Muuguzi akaenda mbio, akaugusa mpira, akangoja, akaugusa tena. Vidole vya Mwalimu vilizama kwenye mkono wa Fundi. Mlio ukapungua, ukanyamaza. Kifua kidogo kikapanda, kikashuka.

"Niulize tena," Mwalimu akasema.

Akamuuliza.

"Ndiyo," akajibu, macho hajayabandua kwenye kile kifua.